Kila Mkono Ulikuwa na Kazi ya Mwenzake: Kisa cha Kubadili Sanamu ya Rubani

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha hapa Mwanza, na nilikuwamo. Kijana aliyeifanya kazi alikuwa anajifunza kwenye karakana yangu, ambako tunachora mabango na kutengeneza modeli za kufundishia. Majina, mtaa, mwaka na namba ya usajili ya ndege nimeviondoa. Yeye nitamwita Kijana, aliyetengenezewa zawadi ni Mzee, na aliyeleta kazi ni Binti. Vipimo nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari letu, kwa kuwa bila vipimo hakuna cha kujifunza hapa.

Usuli

Mzee aliendesha ndege ndogo Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Alibeba wagonjwa, dawa, watalii wa Rubondo na Serengeti, na mara nyingine watu walioikosa meli ya Bukoba. Sasa amestaafu, na nyumba yake iko upande ambao ndege zinazoshuka kiwanja cha Mwanza zinaonekana zikipita juu ya maji. Jioni hukaa barazani akizitazama, na anajua rubani kashika nini saa hiyo hata kama hamwoni.

Binti alitaka kumpa zawadi siku ya kutimiza miaka 75. Ndugu yake alikuwa ameleta kutoka nje boksi la modeli ya plastiki ya Cessna 172, kipimo cha 1 kwa 48. Ndege yenyewe ni ya Marekani, imekuwa sokoni tangu 1956, na zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. Mzee aliirusha kwa miaka mingi. Mabawa yake ya karibu mita 11 yanakuwa milimita 229 kwenye modeli. Mtu wa sentimita 175 anakuwa milimita 36 na nusu akisimama, na akikaa, kutoka makalioni hadi utosini, hafiki milimita 19.

Boksi halikuwa na rubani. Kijana alishauri tuiache hivyo hivyo, ndege imeegeshwa. Binti akakataa.

"Ndege tupu sitaki, fundi. Namtaka baba mle ndani."

Tukatafuta sanamu. Tuliyoipata ilitoka kwenye boksi lingine la kipimo kile kile, la ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili. Rubani yule alivaa koti nene la kurukia, kofia ya ngozi, miwani ya kinga juu ya paji la uso na barakoa ya oksijeni usoni. Alikuwa amekalia parashuti lake. Mkono wa kulia ulikuwa katikati ya magoti, umeshika fimbo ya kuongozea ndege, na wa kushoto ulikuwa pembeni, chini, kwenye kishikio cha nguvu ya injini. Alikuwa mtu mwingine kabisa, wa vita nyingine na wa bara lingine, na tulikuwa na wiki mbili za kumgeuza awe Mzee.

Yaliyotokea

Kijana alianzia usoni. Namwelewa, kwa sababu ukimwambia mtu amtengeneze baba wa mtu, mawazo yanakwenda kwenye sura. Alikata barakoa kwa ncha ya wembe, kidogo kidogo, mpaka ikabaki nafasi tupu chini ya pua. Barakoa ya plastiki haina mdomo nyuma yake. Ukiitoa unakuta uso umeishia hapo. Ikabidi ajenge kidevu na midomo kwa puti ya epoksi, ile ya vipande viwili inayokandwa pamoja. Alitumia sindano ya kushonea iliyolowanishwa maji ili puti isinate. Jioni tano zilikwisha hivyo. Kidevu kilikuwa kizuri mno, chenye kishimo kidogo kama cha Mzee kwenye picha aliyotuletea Binti. Nilimsifu, na katika kumsifu huko sikumuuliza swali ambalo ndilo lililokuwa kazi yangu: je, anakaa?

Siku ya sita tukamweka kwenye kiti na kushikilia bawa juu yake bila gundi. Cessna 172 ina bawa la juu, ndilo dari. Bawa halikufunga. Tulipopima tukakuta nafasi kutoka juu ya kiti hadi darini ni milimita 19, na sanamu, pamoja na parashuti alilokalia, ilikuwa milimita 20 na nusu. Mabega nayo, kwa sababu ya lile koti, yalikuwa na upana wa milimita 11 na nusu ndani ya chumba cha milimita 21 kinachotakiwa kukaa watu wawili ubavu kwa ubavu.

Kisha tukaona mikono. Cessna haina fimbo katikati ya magoti. Ina usukani unaotokea kwenye dashibodi, na kishikio cha nguvu ya injini ni kitufe cha kusukuma na kuvuta kilichoko katikati ya dashibodi, kati ya rubani na abiria wa mbele. Rubani wa kiti cha kushoto hushika usukani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unakwenda kwenye injini. Sanamu yetu ilikuwa kinyume kabisa: wa kulia unaongoza, wa kushoto unaongeza moto. Kila mkono ulikuwa na kazi ya mwenzake, na yote miwili ilikuwa chini mno.

Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, nimechonga kidevu cha mtu asiyejua kuendesha hii ndege."

Tulimwambia Binti ukweli siku hiyo hiyo. Alisogeza sherehe ya familia kwa wiki tatu, kwa kuwa mjukuu mmoja naye alikuwa na mitihani. Tukaanza upya.

Ushauri unaozunguka kwa watu wa modeli ni kuuchovya mkono wa plastiki kwenye maji yanayochemka na kuukunja ukiwa moto. Kijana alijaribu. Mkono ulikubali kidogo, ukapoa, ukarudi ulikotoka. Alirudia mara nne. Plastiki hii ni polistirini, na hulainika vizuri ikikaribia nyuzi joto 100. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 96, hata ukiongeza mkaa vipi. Mkono mwembamba ungeweza kukubali. Huu wa koti nene haukukubali. Kwa kukosa subira akaupeleka kwenye mshumaa. Mkono wa kushoto ulijikunja kama unywele uliounguzwa, na vidole vikawa kidonge.

Hapo nilimwondolea mshumaa na tukakaa kuamua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu makalio. Tulipaka rangi ya kalamu upande wa chini wa parashuti, tukalisaga kwenye msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo, milimita 2 na nusu, mpaka likaisha. Rubani akashuka, bawa likafunga, na juu ya kichwa ikabaki nafasi ya unene wa kadi mbili za simu. Nafasi hiyo tuliitaka kwa ajili ya utepe wa hedifoni.

Miguu hatukuigusa. Buti za kivita zilibaki kama zilivyo, maana dashibodi inafunika kila kitu kuanzia magotini kwenda chini, na hakuna dirisha linaloonyesha huko. Kijana hakupenda, alisema yeye mwenyewe angejua kwamba zipo. Nikamwambia saa zilizobaki ni za mikono.

Mikono tuliikata kabisa mabegani kwa kisumeno chembamba, kisha tukaparua koti kutoka kwenye kiwiliwili mpaka mabega yakawa milimita 9 na nusu. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Tulikata kabari upande wa ndani wa kiwiko, tukaukunja mpaka midomo ya kabari ikakutana, na mwanya uliobaki nyuma ya kiwiko ukazibwa kwa supagluu na unga wa magadi ya kuokea. Mchanganyiko huo huganda papo hapo na husagika vizuri, ila usiuache ulale hadi kesho kabla ya kuusaga, maana unakuwa mgumu kuliko plastiki iliyo pembeni yake, na msasa utakula plastiki na kuuacha wenyewe kama uvimbe.

Mkono wa kushoto, ulioungua, ilibidi uzaliwe upya. Fundi simu mmoja jirani alituazima msumari wake wa kutobolea wa nusu milimita, tukatoboa begani na kupitisha waya wa shaba uliotoka kwenye chaja mbovu. Waya tukaukunja begani, kiwikoni na kwenye kifundo, huku sanamu imekaa kitini na usukani uko mahali pake. Hii ndiyo siku kazi iligeuka. Kijana hakuwa anakisia tena pembe ya kiwiko: aliusukuma waya mpaka ncha yake ikagusa usukani, akaacha kiwiko kianguke kinapotaka kuanguka. Kilianguka karibu na mbavu, kimelegea. Mtu aliyezoea ndege hakazi kiwiko, na waya ulilionyesha hilo wenyewe. Nyama ya mkono ilijengwa kwa puti, nyembamba, milimita 1.8 kwenye kigasha, kwa sababu Mzee alirusha ndege akiwa na shati jeupe la mikono mifupi. Pindo la shati juu ya kiwiko ni kamba ya puti iliyobonyezwa kwa ukucha.

Kichwa tulikikata shingoni na kukigeuza kidogo kushoto, kama anayetafuta kiwanja kupitia dirisha lake. Modeli ya bawa la juu hutazamwa kutoka ubavuni, na kichwa kinachotazama mbele kinakupa sikio tu. Kwa kukigeuza, kidevu cha jioni tano kilipata kuonekana, angalau nusu yake. Kofia ya ngozi ilisagwa ikawa nywele fupi. Vikombe vya hedifoni ni visahani viwili vya milimita 1.6 vilivyokatwa kwenye kijiti cha fremu inayoshikilia vipande vya modeli. Maiki ni uzi wa plastiki: unakipasha kijiti hicho hicho joto juu ya moto, unakivuta taratibu, kinarefuka na kuwa chembamba kama unywele. Mshumaa ukapata kazi yake halali.

Kwenye rangi nina neno, maana hapa mafundi wengi wanakosea na wanaokosewa ni sisi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na sanamu ilikuwa na rangi moja tu ya ngozi, ya Mzungu. Anayetaka mtu mweusi huchukua kahawia, akitaka mwanga humwagia nyeupe. Matokeo yake ni uso wa majivu, uso wa mgonjwa. Ngozi yetu ikipigwa na jua haiendi kwenye weupe. Inaelekea kwenye wekundu na dhahabu. Tulianza na kahawia iliyokolea yenye tone la nyekundu. Kwenye vivuli, chini ya kidevu na kando ya pua, tukaongeza buluu kidogo sana. Mahali penye mwanga, yaani juu ya pua, mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, tukaongeza rangi ya udongo wa manjano na chembe ya machungwa. Kijana alipaka paji la uso mara saba, rangi imechujwa kama chai ya rangi, kila tabaka likikauka kabla ya lingine. Alipomaliza, aliweka sanamu kwenye kizibo cha chupa dirishani, na mama anayetuuzia maandazi akapita akasema, "Huyo ni mtu wa wapi? Kama namfahamu."

Jioni iliyofuata alipaka shati, taa inawaka na dirisha liko wazi. Ilikuwa siku ambayo vile vijidudu vya ziwani vimepanda juu ya maji kama moshi. Vilifuata taa. Asubuhi tulikuta kimoja kimekaukia begani mwa rubani, mabawa yametandazwa, na kwa kipimo hicho kilikuwa kikubwa kama kunguru. Tukakwangua na kurudia. Tangu hapo kila kilichopakwa kinafunikwa kwa glasi iliyopinduliwa.

Mkanda wa kiti tuliukata kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti, upana wa milimita 1, na kuupitisha begani kwa kufuata picha ya rubani mwingine. Nitaurudia.

Kosa kubwa la mwisho lilitokea wakati wa kufunga. Kijana alimbandika rubani kitini kwa supagluu, akaweka kioo cha mbele papo hapo, na kwenda kula. Aliporudi kioo kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani. Mvuke wa gundi ile ukikosa pa kutokea hutua kwenye plastiki angavu na kugandia hapo. Tulikibandua kioo kwa woga, tukakisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba kwa zaidi ya saa moja. Kiling'aa, isipokuwa pembe moja ya chini. Baada ya hapo niliamua kioo na bawa vishikizwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji, ambayo haitoi mvuke wa namna hiyo.

Matokeo

Zawadi ilitolewa wiki tano baada ya kuanza. Kijana alisalimia, "Shikamoo babu," akaitikiwa marahaba, akaiweka ndege mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Mzee hakuigusa kwanza. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na dirisha la kushoto.

"Mkono wa kulia uko kwenye injini," alisema. "Anashuka huyu." Akakaa kimya. "Na kiwiko hakijakazwa. Nani amekufundisha?"

Kijana akasema ni waya. Mzee hakuelewa, naye akaeleza, na walikaa kwenye habari ya waya ule dakika nyingi, Binti amesimama mlangoni na sinia la chai.

Kisha Mzee akaweka kiganja chake begani, bega la kushoto, akakishusha kifuani hadi nyonga ya kulia. "Mkanda wangu unatokea hapa, juu ya mlango. Huyu umevuka upande wa abiria, mjukuu wangu."

Uchambuzi

Kosa la mkanda ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ushahidi tulikuwa nao. Picha tuliyoifuata ilikuwa ya rubani kijana aliyejipiga kwa kamera ya mbele ya simu, na simu nyingine huhifadhi picha hizo zikiwa zimegeuzwa kama kioo. Nilipoirudia usiku ule niliona vifungo vya shati viko upande usio wa shati la kiume. Ilitosha kutuamsha. Zaidi ya hapo, Mwanza kuna marubani. Mtu mmoja tu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile angetuambia kwa kunyoosha kidole. Tulikuwa tunaficha zawadi isimfikie Mzee, tukaishia kujificha wenyewe kwa kila mtu anayejua.

Jioni tano za usoni zilipotea kwa sababu ya mpangilio. Kidevu chenyewe kilikuwa kizuri, lakini sanamu ya rubani haisimami peke yake kabatini. Imebanwa na kiti chini, dari juu, usukani mbele. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyosema mtu atakuwa na urefu gani na kiwiko kitakuwa wapi. Kumkalisha kwa dakika kumi siku ya kwanza, bawa limeshikiliwa juu kwa mkono, kungetuonyesha parashuti, mabega na mikono kwa mpigo mmoja. Hilo lilikuwa jukumu langu kama mwalimu kabla ya kuwa la mwanafunzi.

Kilichofaa kuliko vyote ni waya wa shaba, na ulipatikana kwa sababu mkono uliungua. Kama maji yangechemka kwa nyuzi 100, huenda tungeukunja mkono wa zamani kwa nguvu na kuuridhia, na ungebaki mkono wa askari uliolazimishwa. Sasa hivi kila sanamu inayoshika kitu, karakana yetu inaanza na waya ukiwa mahali pa kazi yake, ndipo nyama inafuata.

Gundi nyeupe niliichagua kwa hofu ya ukungu, lakini ilitusaidia kwa namna ambayo sikuipanga. Gundi hiyo hulainika kwa maji. Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa Mzee na bakuli la maji ya uvuguvugu, brashi na kipande cha karatasi ya fedha. Kijana alilowanisha mashikio ya bawa, tukangoja kama robo saa, likaachia bila kuvunja kitu. Mzee alilishika bawa mkononi muda wote, hakutaka liwekwe mezani. Kijana alitoa mkanda wa zamani kwa ncha ya sindano, akaupitisha mpya juu ya bega la kushoto, akausukuma kifuani hadi nyongani.

"Ukaze kidogo hapo chini," Mzee alisema. "Juu ya maji kunakuwa na upepo."

Akaukaza, wakarudisha bawa.